Bustani Isiyotaka Maji

Wewe binti unayeuza miche barabara ya kwenda Chimwaga, mwenye kilemba cha njano, nilikusikia juzi. Mteja kashuka kwenye gari, mlango hajafunga, wewe umeshaanza: "Dada, chukua huu! Huu mgumu, hautaki maji, hautaki mbolea, hautaki hata kuangaliwa. Unapanda, unasahau!" Sauti nyembamba, tamu, kama muuza ubuyu mlangoni mwa shule. Mteja akacheka, akachukua. Mimi nimesimama hapo na fimbo yangu, nikasema moyoni, mwanangu, umejikata mguu kwa jembe lako mwenyewe.

Nikataka kukwambia. Mwenzio akanikatiza: "Shikamoo bibi, leo tuna wateja, si uje kesho?" Haya, kesho yenyewe ndiyo hii. Kalamu mimi siijui, shule niliiona kwa nje nikipita na mzigo wa kuni. Nasema, mjukuu wangu anaandika, na nimemkataza asinisafishie maneno.

Jina langu Mwasiti. Nimefanya kazi ya miche hapa Dodoma kabla hao wenye vitalu vya barabarani hawajazaliwa. Kitalu chetu kilikuwa cha shirika la umma. Tulikuwa wanawake watupu, na nyapara wetu alikuwa mwanamke vilevile, Mrangi wa Kolo, huko Kondoa. Tulimwita Mama Kolo. Mfupi, mweusi, ugoro puani asubuhi na jioni, na mdomo wake ulikuwa unachoma kama utomvu wa mnyaa. Ukimsalimia "Shikamoo Mama Kolo," anajibu, "Marahaba, na kiriba cha mche umekitoboa chini au umekuja kunisalimia tu?" Mume alikufa, watoto hakujaliwa. Alilala pale pale kitaluni, kwenye kijumba cha kuwekea majembe, na kitanda chake kilikuwa kati ya toroli na magunia ya samadi. Kwa hiyo nikisema kitalu, kwetu wengine kilikuwa kazi. Kwake kilikuwa nyumba.

Sasa nikufundisheni kitu kabla sijaanza kulalamika, maana nikianza sinyamazi.

Ardhi ya hapa msiifananishe na ya Lushoto. Kuna kichanga chekundu, kinakunywa maji kama mlevi aliyepata mshahara, na kesho yake hakumbuki kama alikunywa. Kuna mbuga nyeusi. Mvua ikinyesha inakuvua viatu, kiangazi inapasuka nyufa ukidondosha kijiko umekiaga. Na kuna ile yenye chumvi, unaiona ina weupe juu kama mtu kamwaga magadi. Halafu weka upepo, weka mchwa, weka mbuzi wa jirani. Mtu anayekuuzia waridi la kupanda hapo bila kukuuliza una ardhi gani, huyo mwogope kama unavyomwogopa anayekuoza binti asiyemjua.

Mimi nilimuuliza Mama Kolo siku za mwanzo, "Mama, nitajuaje mmea upi mgumu na upi unajifanya?"

Akapiga chafya ya ugoro. "Twende tukawasalimie waliolala."

Nilidhani anaenda wodini kuwaona wagonjwa. Kumbe makaburini! Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua bado, nchi yote rangi ya mkate ulioungua. Akasimama pembeni, akasalimia maiti kama inavyopasa, kisha akanigeukia.

"Nani anamwagilia hapa?"

"Hakuna, mama."

"Nani anapalilia?"

"Hakuna."

"Nani anafukuza mbuzi?"

"Mama, hakuna mtu hapa, wamekufa!"

"Basi unachokiona kijani, hicho hakikudanganyi."

Nikaangalia. Mshubiri umejikunja kichwani mwa kaburi, mnene, na maua yake mekundu. Mkonge mwitu, ule wa majani kama mikuki, umejaa mpaka nje ya uzio. Mnyaa umesimama. Na lile ua la porini lenye shina nene kama kibuyu, halina hata jani moja, limechanua vilevile, kama mwanamke aliyefilisika lakini wanja hakosi.

Nikanyoosha mkono nikate kipande. Akanipiga kofi la mkono. "Cha kaburini hakitolewi, wewe! Angalia sura yake, ukishamjua, nenda mlimani ukamtafute ndugu yake." Ndivyo tulivyofanya kazi. Makaburini tunakwenda kusoma, mlimani tunakwenda kukata. Vitabu wengine wana vyao, sisi chetu kilikuwa hicho.

Na kukata nako kuna adabu. Ukikata kijiti cha mnyaa au mtoto wa mshubiri, usikimbilie kumfukia. Mlaze kivulini kidonda kikauke, kifanye ngozi. Ukimpanda na kidonda kibichi anaoza, na anaozea chini usikoona. Juu bado unasema ooh kijani, ooh kimeshika. Siku ukigusa, kinabaki mkononi. Na jicho lako lilinde, utomvu wa mnyaa ukikuingia utamwona marehemu bibi yako mchana kweupe.

Halafu kuna kuachisha ziwa. Miche yote, hata ya porini, inalelewa kwa maji ikiwa kwenye viriba. Ukiitoa siku hiyo hiyo ukaitupa juani, inakufa, hata ingekuwa ya ukoo mgumu namna gani. Unapunguza maji kidogo kidogo. Leo asubuhi na jioni, baadaye asubuhi tu, baadaye unaruka siku, huku unakinyanyua kiriba mzizi usije ukatoboa ukazama chini. Mche unanuna, unakunja majani, unakuangalia vibaya. Usimhurumie. Lakini usimkatie ghafla.

Basi, tukiwa hivyo, ikaja ruksa. Nyie mnasikia tu soko huria, sisi tuliliona likiingia na viatu. Mitumba imejaa, sabuni za rangi zote, na mashirika yanauzwa moja moja kama kuku wa mtu aliyefiwa.

Msimamizi wetu tulimwita Bwana Picha. Kijana wa chuo, msafi, suruali ina mkunjo wa kukata nyanya, na kwapani daima ana jarida la picha za bustani za Ulaya. Akatukusanya. Nikuigieni: "Kimsingi, akina mama, nasema kimsingi, serikali inaondoa ruzuku. Kimsingi lazima tuendane na wakati. Shirika litajiendesha kibiashara, na kama halitajiendesha, kimsingi..." Hapo akasafisha koo, akaangalia viatu.

Mama Kolo akaninong'oneza, "Anatuachisha ziwa."

Nikacheka. Nikacheka kweli, mjinga mimi. Mche tulikuwa tunaupunguzia maji taratibu, sisi titi lilichomolewa mdomoni tukiwa tunanyonya.

Akaja mnunuzi. Mwanamume mnene, mchangamfu, miwani ya jua hata ndani ya nyumba, kila mwanamke kwake ni "mama yangu." Tukambandika jina Soko Huria. Alikuwa amejenga hoteli pembeni mwa mji, na shirika lilikuwa limeshakubali kumuuzia kitalu kizima, ardhi na watu wake. Akasimama katikati ya viriba vyetu, mikono kiunoni: "Mama zangu! Mimi sina maneno mengi. Mimi nataka matokeo! Nifanyieni bustani pale hotelini. Ikifika mvua ya mwakani ikiwa hai, nyie wote nawachukua. Ikifa..." Akapuliza kiganja, puu! kama anapeperusha pumba.

Bustani ikiishi tunabaki, ikifa tunaondoka. Hilo hata asiyesoma alilielewa. Mama Kolo aliangalia kijumba chake cha majembe, akaongeza ugoro.

Bwana Picha akatangulia. Akafungua jarida, kidole juu ya picha: "Hii. Kimsingi, hii." Mawaridi, ukoka kama zulia, vimti vimenyolewa kama vichwa vya wanajeshi. Pale hotelini ardhi ni mbuga yenye chumvi, weupe unauona ukiwa bado barabarani. Tukapanda, si bosi kasema? Ukoka ukawa wa njano kabla mafundi hawajamaliza rangi ya madirisha. Mawaridi yakaungua pembeni mwa majani kama karatasi iliyopita karibu na moto, yaliyobakia mbuzi wakaja wakala na miiba yake. Na maji ya bomba yakawa yanakuja yakipenda, kama mume wa safari.

Lakini tusimsengenye kijana wa watu kwa kila kitu. Ni yeye aliyesema chumvi inapanda juu kwa sababu maji hayana pa kutokea, tuinue vitanda vya kupandia kwa mawe na kifusi. Sisi hilo hatukulijua. Vitanda vile bila yeye visingekuwepo, na bila vitanda hata mnyaa ungeoza miguu. Yeye alijua ardhi, Mama Kolo alijua mimea, na kila mmoja alidhani mwenzake hana akili.

Mawaridi yalipokwisha, Soko Huria akaja kimya kimya. Akapiga teke mche mkavu. "Mama zangu, naona mnajifungia mizigo yenu wenyewe." Bwana Picha akafumbata jarida kifuani kama mtoto wa kumbembeleza. Hapo Mama Kolo akasogea mbele.

"Niachie mimi."

"Wewe mama yangu utaniletea nini?"

"Nitakuletea wasiokufa."

Tukaenda milimani, wote, na Bwana Picha suruali yake ya mkunjo ikachanwa na miiba. Tukaleta mishubiri tukaipanga langoni. Mkonge mwitu kando ya ukuta, panapochemka joto la jua la alasiri. Lile ua la shina la kibuyu tukaliweka juu ya kitanda cha mawe, lionekane. Mikole kwa ajili ya ndege na ya watoto kula matunda. Miswaki, ile miti ya kuchongea mswaki wa meno, tukaipeleka kule kwenye chumvi kali kabisa, maana mswaki chumvi hauiogopi. Ua wa nje, mnyaa, mbuzi waje waonje waone. Na migunga michanga ya kivuli, tuliyokuwa tumeshaiachisha ziwa. Vyote tulivipanda mvua zilipokaribia, tukavimwagilia vikashika, kisha tukaanza kuvipunguzia.

Mvua ikanyesha ikaisha. Upepo ukaja ukaondoka na bati la jikoni. Kiangazi kikatuangalia, tukakiangalia.

Siku moja akashuka mgeni, mfanyabiashara wa Kondoa, kanzu safi, begi mkononi, katoka kwenye basi. Kufika langoni anaona mishubiri imepangwa pande mbili. Akasimama. Begi akaliweka chini. "Innalillahi wainna ilaihi rajiuna. Jamani, nani kafariki hapa?"

Kwetu mshubiri ni wa kaburini, mzee wa watu alidhani ameingia msibani. Tulivunjika mbavu. Mama Kolo hakucheka. Akamjibu, "Bado hatujaambiwa, baba. Karibu ndani."

Ukafika ule mwisho wa kiangazi, majira yetu ya makaburini. Mji mzima umekauka, hata ua wa Mkuu, msiniulize mkuu gani, ulikuwa vumbi. Bustani yetu kijani. Ua la kibuyu limechanua. Soko Huria akaja na wenzake wawili, anaizungusha mikono kama kaiotesha yeye. "Mnaona? Mnaona?" Kisha akatugeukia. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta, tumenyoosha miguu, tumejipamba kwa ajili yake, Mama Kolo kavaa kanga mpya.

"Mama zangu, hongereni! Hongereni sana! Sasa nambieni, mnamwagilia asubuhi au jioni?"

Mama Kolo akainua kidevu. Alikuwa na fahari, maskini. "Hatumwagilii."

"Hamwagilii kabisa?"

"Kabisa. Tangu kiangazi kilipoingia hata tone."

"Na mbolea?"

"Haitaki."

"Na kupalilia?"

"Palilia nini? Mkonge umefunika."

Akavua miwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake; madogo, na yanafikiri. Akaiangalia bustani. Akatuangalia sisi. Akaiangalia tena bustani. Kisha akauliza kwa upole kabisa, wallahi hakuwa na hasira:

"Sasa nyie mnafanya nini hapa?"

Tukaikunja ile miguu tuliyonyoosha.

Binti wa kilemba cha njano, umesikia? Ndiyo maneno yako yale. Hautaki maji, hautaki mbolea, hautaki kuangaliwa. Sisi tuliyasema kwa kujisifu, mwenye akili ya hesabu akayasikia kama hesabu.

Ahadi? Ah, ahadi aliitimiza kwa namna yake. "Niliwaambia nitawachukua, nimewachukua mwaka mzima, si ndiyo?" Mlinzi wa hoteli ndiye aliyebaki, akapewa na mkasi wa kukatia mnyaa. Kitalu kikasawazishwa, zikajengwa fremu za maduka. Siku ya kuondoka, Soko Huria akasema tusiondoke mikono mitupu, tuchukue miche iliyobaki. Tukatoka langoni kwa mstari, trei za viriba kichwani, kama wanawake wanaopeleka mahari ya mtu mwingine. Wavumilivu tumebeba wavumilivu.

Bwana Picha naye walimwacha. Nilimkuta baadaye soko la Sabasaba, amesimama juu ya rundo la mitumba, shati lina mkunjo vilevile: "Chagua mwenyewe, mama! Kimsingi hii haichuji! Kimsingi hii ni ya Ulaya!" Akaniona. Akashuka kwenye rundo, akaniamkia kwa heshima zote, akanipa gauni bure. Sikulivaa, lakini ninalo.

Mama Kolo nilimchukua mimi. Kolo ndugu zake walikuwa wameshakwisha, na kijumba cha majembe kilikuwa sasa duka la simenti. Alikaa chumba changu cha uani. Asubuhi anaamka alfajiri kama zamani, anachukua kopo, anasimama mlangoni, halafu anakumbuka. Miche tuliyopewa niliipanda uani, hata hiyo haikumtaka.

Jioni moja ananiambia, "Mwasiti, tulikosea pamoja na usahihi wetu."

"Wapi, mama?"

"Hatukuacha kona ya walafi." Walafi ndio tulivyoiita mimea inayokunywa sana. "Kitanda kimoja tu, karibu na mlango, kitu kizuri, kinachosinyaa adhuhuri kila mtu akakiona. Angesema, jamani mama zangu wako wapi, ua linakufa! Sisi tukaweka wasiokufa watupu. Mtu haajiriwi kumtazama asiyekufa."

Nilisema, "Si ulikuwa unataka kumwonyesha?"

"Nilimwonyesha," akasema, akapiga chafya. "Kaona."

Hakuugua ugonjwa wenye jina. Alikauka tu, kuanzia pembeni, kama yale mawaridi. Wakamzika hapa hapa mjini.

Nilipokwenda kaburini nilikuta watu wema wameshapanda mshubiri kichwani, kwa desturi. Mzuri, mnene, hautaki mtu. Nikausogeza pembeni kwa adabu. Nikapanda mrehani.

Mrehani, mnaujua. Unanukia, lakini ukose maji siku mbili tatu za kiangazi cha Dodoma, umelala chali. Kwa hiyo nakwenda na kidumu changu. Shehe mmoja kijana alinisimamisha: "Bibi, mwanamke kuja makaburini kila mara hivi haipendezi." Nikampa kidumu. "Haya mwanangu, shika, uwe unakuja wewe." Akakitazama, akakumbuka ana darasa.

Kwenye ile hoteli huwa napita pia. Imebadilisha wenyewe, imebadilisha na jina. Bustani ipo, mnyaa umepita bati, miswaki imefungana. Hakuna anayejua nani aliipanda, na yenyewe haina shida ya kujua. Naisalimia, haiitikii.

Basi wauzieni watu miche migumu, mimi siwakatazi, ardhi yetu haina ubishi. Nendeni makaburini mkasome, kaushieni vidonda kabla ya kupanda, achisheni ziwa taratibu. Lakini kila bustani mnayoifanya, wekeni mlafi mmoja karibu na mlango. Na mteja akiuliza, "Huu nao hautaki maji?" mwambie, "Huu unataka. Huu unataka mtu."

Mimi miguu yangu sasa inaanza kukataa ile njia ya makaburini, na kidumu kimekuwa kizito bila kuongezwa maji. Siku mkipita mkaukuta ule mrehani umekauka, msinitafute nyumbani. Jueni bustani nyingine imepunguza wafanyakazi.